Tafakari ya Juma: Habari, Kicheko na Kitabu



Binadamu hali ugali mtupu. Hata katika nyumba maskini kabisa ya milima hii ya Buha, mama hutafuta maharage au dagaa wa ziwani, na akikosa vyote hivyo, hakosi chembe ya chumvi. Akili nayo ina mlo wake. Kila siku inataka kujua yaliyotokea duniani. Inataka kucheka kidogo ili uzito wa hayo yaliyotokea usiielemee. Tena inataka neno lililoandikwa kwa utulivu, liisaidie kuyaelewa yale iliyoyasikia na yale iliyoyacheka. Habari ni ugali, kitabu ni maharage yanayodai muda jikoni, na kicheko ni chumvi. Juma hili napenda tuutafakari mlo huo, kwa maana naona kwamba siku hizi unapikwa vibaya, na wapo kati yetu wanaoumia kwa sababu hiyo.

Kuchanganya mambo hayo matatu si jambo geni. Mwezi Januari mwaka 1923 lilitoka toleo la kwanza la gazeti la Mambo Leo, lililochapishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika. Lilikuwa gazeti la mkoloni, na lilisema yale ambayo mkoloni aliridhia yasemwe. Hata hivyo, ndani yake msomaji alikuta habari za mbali, habari za wilaya zilizoandikwa na wasomaji wenyewe, hadithi na mashairi. Shaaban Robert na Mathias Mnyampala ni miongoni mwa washairi ambao sauti zao zilisikika katika kurasa hizo. Mwezi huohuo, tarehe 26 Januari 1923, Papa Pio XI alimtangaza Mtakatifu Fransisko wa Sales kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki. Huyu ndiye ambaye, watu wa Chablais walipokataa kuja kumsikiliza, aliyaandika mafundisho yake katika vikaratasi na kuvipenyeza chini ya milango yao. Baadaye likaja gazeti la Kanisa, Kiongozi, lililoanzia Tabora mwaka 1950. Na tarehe 27 Juni 1957 Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza kutangaza kutoka London.

Katika hayo yote palikuwapo mtu aliyeitwa mhariri. Aliweza kukosea, tena aliweza kutumwa na wakubwa. Lakini alikuwa na jina na anwani, na msomaji aliyeudhika alijua barua yake ya malalamiko aipeleke wapi. Leo mhariri ni kidole gumba. Kijana aliyeketi juu ya bodaboda yake akingoja abiria hupokea, kwa dakika tano tu, picha ya maiti za vita, kisha mzaha wa mlevi aliyeanguka mtaroni, kisha sala ya Rozari, kisha tangazo la mikopo, kisha mzaha mwingine. Vyote vinapita mbele ya jicho moja kwa mwendo mmoja. Anavituma mbele kwa watu hamsini kabla hajajua amesoma nini. Simlaumu kijana huyo peke yake, kwa kuwa katika makundi ya simu ya jumuiya zetu ndogondogo tunatenda vivyo hivyo, tena baadhi yetu tuna mvi.

Tuanze basi na habari. Katika Injili ya Luka, sura ya kumi na tatu, watu wanamletea Yesu habari mpya ya mjini: Pilato amewaua Wagalilaya waliokuwa wakitoa sadaka. Yesu mwenyewe anaongeza habari ya pili, ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuwaua watu kumi na wanane. Tazameni anavyozipokea habari hizo. Haulizi damu ilikuwa kiasi gani, wala hamgeuzi Pilato kuwa mada ya maongezi ya kijiweni. Anawageukia walioileta habari na kuwauliza kama wanadhani wafu wale walikuwa wakosefu kuliko wao. Kisha anawaita kutubu. Kwa Yesu, habari haijakamilika mpaka imemgusa yule anayeisimulia. Kinyume chake ni wale watu wa Athene wanaotajwa katika Matendo ya Mitume, sura ya kumi na saba, ambao kazi yao ilikuwa kusimulia na kusikiliza jambo jipya, na kesho yake jambo jingine jipya. Paulo alipowahubiri ufufuko, wengine walimdhihaki, na wengine wakamwambia watamsikiliza siku nyingine. Walikuwa wameshiba habari kiasi cha kutoitambua Habari Njema.

Sisi wa Kigoma tuna sababu ya pekee ya kutozifanya habari kuwa mchezo. Goma ilipotekwa mwishoni mwa mwezi Januari 2025, mtu wa mbali aliweza kuiona kama habari ya nchi nyingine. Lakini kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa wakikimbia vita. Wapo watu waliozaliwa humo, wakakua, wakaoa, wakazaa. Habari ya Goma, kwa mtu kama huyo, ni habari ya shangazi yake. Nasi tulio jirani naye tukiisikia na kuipita bila hata Salamu Maria moja, tumefanya kama watu wa Athene.

Tena, habari ya kweli ikikosekana, nafasi yake haibaki tupu. Inajazwa na uvumi. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Funzo ninalolichukua katika siku zile ni kwamba mtu asiye na habari za uhakika huamini ya kwanza inayomfikia, na ya kwanza kufika mara nyingi ndiyo ya kutisha kuliko zote. Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani ya mwaka 2018, Papa Fransisko alizungumzia habari za uongo, na akatukumbusha kwamba ya kwanza kabisa ilitolewa na nyoka katika bustani ya Edeni. Nyoka hakusema uongo mtupu. Alichukua neno la kweli, akalipinda kidogo, kisha akalipeleka kama rafiki anayemtakia mwenzake mema. Ndivyo habari za uongo zinavyotufikia hata leo: kutoka kwa rafiki, zikiwa na chembe ya ukweli, na mara nyingi zikiwa zimepakwa kicheko.

Hapo ndipo tunapofika kwenye chumvi. Wapo Wakristo wanaodhani kwamba utakatifu ni kukunja uso. Hawakuisoma vizuri Biblia yao. Mtoto wa ahadi aliitwa Isaka, na jina hilo lina maana ya kucheka. Sara alicheka kwanza kwa kutoamini, kisha akacheka kwa furaha, na Mungu hakumnyang'anya mtoto kwa sababu ya kicheko cha kwanza. Tarehe 14 Juni 2024, asubuhi, Papa Fransisko aliwapokea Vatikani wachekeshaji zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali, akawaambia kwamba hata Mungu tunaweza kumtania, kama tunavyowatania wale tunaowapenda. Siku hiyohiyo alisafiri hadi kusini mwa Italia kuwahutubia wakuu wa mataifa ya G7 kuhusu akili bandia. Siku moja, asubuhi kicheko, baadaye mambo mazito ya dunia. Mzee wa miaka themanini na saba hakuona kwamba moja linalizuia jingine.

Hata hapa kwetu padre hutaniwa, tena ni haki yenu. Husemwa kwamba padre akitamka mahubirini, "Na mwisho kabisa, ndugu zangu," mama aweza kutoka taratibu, akaenda nyumbani, akateka maharage mabichi, yakaiva, akarudi kanisani, akamkuta padre anasema, "Na mwisho kabisa kabisa." Nami nasema, maharage ya Kibondo huiva upesi, msiwaonee mapadre.

Kwa nini mzaha kama huo haumuumizi mtu? Kwa sababu padre yupo, anausikia, na anaweza kujibu. Wahenga wetu walilijua jambo hili kuliko sisi, wakaliwekea desturi iitwayo utani. Mchaga na Mpare wanaambiana maneno ambayo mgeni akiyasikia atadhani ngumi zinafuata. Kumbe hakuna ngumi, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba zamu ya mwenzake inakuja. Na utani haukuishia kwenye maneno. Mtani alikuwa na wajibu msibani: alishika jembe, alibeba maji, aliwachekesha waliofiwa machozi yao yalipowazidi. Aliyekucheka ukiwa hai ndiye aliyekuzika ulipokufa. Hicho ndicho kipimo ambacho wazee wametuachia, nami sijakiona kilicho bora zaidi katika vitabu vikubwa: unayemtania awepo, awe na haki ya kujibu, na wewe uwe tayari kumzika. Mzaha usiotimiza mashariti hayo si utani. Utafute jina lake jingine.

Jina hilo jirani zetu walilijua kwa gharama kubwa. Mwezi Julai 1993, mjini Kigali, ilianza kutangaza redio iliyoitwa RTLM. Redio ya serikali ilikuwa nzito na ya kuchosha. Hii mpya ilikuwa changamfu. Ilipiga muziki mtamu wa Zaire, ilipokea simu za wasikilizaji, na watangazaji wake walikuwa hodari wa mizaha. Vijana waliipenda. Ndani ya mchanganyiko huo wa habari, muziki na vichekesho, watu wa kabila moja walikuwa wakiitwa mende, nao wasikilizaji walicheka. Aliyezoea kumcheka jirani yake kama mende kwa miezi tisa aliambiwa, mwezi Aprili 1994, namna mende anavyotendewa. Kwa muda wa siku takriban mia moja waliuawa watu zaidi ya 800,000, na redio hiyo iliendelea kutaja majina na mahali walipojificha watu.

Tarehe 3 Desemba 2003, hapa nchini mwetu Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 mahakama ya rufani ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini watatu hao walibaki na hatia, na jambo kuu lilibaki limesemwa mbele ya dunia yote: maneno ya redioni yaweza kuwa silaha. Mimi naongeza, kama mchungaji, kwamba silaha ile haikuanza kunolewa kwa hasira. Ilinolewa kwa vicheko. Mtu akikuambia umchukie jirani yako, dhamiri huamka na kuuliza sababu. Akikuchekesha juu ya jirani yako, dhamiri hubaki usingizini.

Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Mwaka 1995, katika Ngara hiyohiyo, shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha redio nyingine, wakaipa jina la Radio Kwizera, yaani tumaini. Wengi wenu mmeisikia. Ilitoa habari, ilifundisha, iliburudisha, nayo ilisikika kwa wakimbizi na kwa wenyeji pia. Na mwaka 1997, upande wa Burundi, ulianza kurushwa hewani mchezo wa redio ulioitwa Umubanyi Niwe Muryango. Anayejua Kiha hahitaji mkalimani wa maneno hayo: jirani ndiye ndugu. Uliandikwa na mama Marie-Louise Sibazuri, nao ulisimulia maisha ya familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, pamoja na ugomvi wao, vituko vyao na mapatano yao. Watu waliokuwa wakiuana walicheka pamoja redioni, kwa kuwa kila msikilizaji alijiona yeye mwenyewe katika mchezo ule, na kicheko kilianzia kwake.

Tazameni jambo hili, ndugu zangu. Vyombo vilikuwa vya aina moja: redio, habari, muziki, vichekesho. Kilichotofautiana ni nafasi ya jirani. Kwa RTLM jirani alikuwa kitu cha kuchekwa. Katika ule mchezo wa Burundi jirani alikuwa ndani ya nyumba, akicheka na wewe.

Sasa nirudi Kasanda. Kambi za Kanembwa na Mtendeli hazikuwa mbali nasi. Baada ya machafuko ya mwaka 2015 nchini Burundi, maelfu walikuja tena, na kambi ya Mtendeli ikajaa, mpaka ilipofungwa mwaka 2021 na waliobaki wakahamishiwa Nduta, wilayani Kibondo. Katika miaka hiyo yote tumeuziana ndizi na mafuta, tumesali pamoja, na lugha zetu zinasikilizana kama mtu na binamu yake. Na katika miaka hiyohiyo imezuka mizaha fulani juu yao, ambayo zamani ilisemwa kilabuni na leo inasambaa kwa simu: picha ya mtu aliyevaa matambara, maneno mawili chini yake, na nyuso za njano zinazocheka. Sitairudia hapa mizaha hiyo. Mnaijua.

Najua pia kwamba yapo malalamiko ya kweli. Miti imekatwa kwa ajili ya kuni, mashamba yameibiwa, na wapo waliovamiwa barabarani. Mwenye shamba lililoibiwa ana haki ya kulia, na Kanisa halimwambii anyamaze. Lakini malalamiko ya kweli yana mahali pake: mkutano wa kijiji, ofisi ya mtendaji, kituo cha polisi. Huko mtu hutaja jambo, siku na mhusika. Mzaha hautaji mhusika. Humpaka matope kila mtu anayefanana naye kwa matamshi. Mwizi hausikii, maana hayumo katika kundi letu la simu. Anayeusikia ni yule mtoto wa kipaimara anayeketi benchi la tatu, ambaye bibi yake alivuka mpaka mwaka 1993, na ambaye hajamwambia mtu yeyote. Anacheka pamoja na wenzake ili asijulikane. Naomba kila mzazi akitafakari kicheko cha mtoto huyo kabla ya kutuma.

Wengine watasema, "Padre, ni utani tu." Nimekwisha kueleza utani ni nini. Mtani anajibu. Je, mtu huyu anaweza kujibu? Aliyekucheka yuko tayari kushika jembe kwenye mazishi yake? Kama jawabu ni ndiyo, taniane kwa amani ya Kristo, na mimi mtaniite. Kama jawabu ni hapana, basi tumekosa chumvi. Kile tulichoshika mkononi ni kitu kingine chenye weupe kama wa chumvi.

Na hapa ndipo kitabu kinapohitajika. Kitabu humpa nafasi ya kujibu yule ambaye dunia inamcheka. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, akiwa rais mwenye kazi za kutosha, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: Juliasi Kaizari, iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Katika hiyo ya pili yumo Myahudi mkopesha fedha ambaye mji mzima unamdhihaki, na katika hadithi yenyewe si mtu mwema. Hata hivyo anapewa nafasi ya kusimama na kuwakumbusha wanaomcheka kwamba naye ana mwili kama wao. Msomaji aliyekuwa akicheka pamoja na umati hujikuta amenyamaza. Picha ya simu haina subira ya kufanya kazi hiyo. Inaisha kabla aliyedhihakiwa hajafumbua mdomo. Mwalimu, mwishoni mwa maisha yake, alizigeuza pia Injili kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Maana yake ni kwamba hata baada ya kuacha uongozi wa nchi hakuacha kusoma taratibu, mstari kwa mstari.

Tarehe 17 Julai 2024, mwezi mmoja na siku chache baada ya kuwapokea wale wachekeshaji, Papa Fransisko aliandika barua juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Alieleza kwamba alikusudia kwanza kuwaandikia wanaojiandaa kuwa mapadre, kisha akaona inawafaa Wakristo wote. Alikumbuka miaka ya 1964 na 1965, alipofundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti ya Santa Fe nchini Argentina. Wanafunzi hawakutaka kazi kongwe zilizokuwa katika mtaala. Walitaka waandishi wa wakati wao. Akawaruhusu wayasome hayo ya kongwe nyumbani, na darasani akaanza na yale waliyoyapenda. Moyo wa barua ile ni kwamba kusoma hutufundisha kuisikia sauti ya mtu mwingine. Asiyesoma hujikuta anaisikia sauti yake mwenyewe tu, hata akiwa amezungukwa na makundi ishirini ya simu.

Mtaniambia kwamba vitabu ni ghali na muda hautoshi. Bei naikubali. Lakini mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na babu na bibi zetu walijifunza kusoma jioni, wakiwa wamechoka na jembe, chini ya miti na katika madarasa ya watoto wao. Hawakujifunza ili wajukuu wao wasome vichwa vya habari tu. Tena katika karibu kila nyumba ya jumuiya zetu ipo Biblia, na Biblia ni maktaba nzima: ina historia, mashairi, hekima, barua, hata vichekesho kwa asomaye vizuri, maana sijui asiyetabasamu akisoma kuhusu punda wa Balaamu. Towashi wa Ethiopia, katika Matendo ya Mitume, alikuwa akisoma garini akiwa safarini. Filipo alimwuliza kama anaelewa anachosoma, naye alijibu kwa unyenyekevu kwamba anahitaji wa kumwongoza. Alimkaribisha garini, wakasoma pamoja, na walipofika penye maji alisimamisha gari, akabatizwa. Nani kati yetu amesimamisha kitu chochote juma hili ili aelewe alichokisoma?

Kwa hiyo naziomba jumuiya zote ndogondogo za parokia yetu mambo matatu, nazo zianze katika mkutano ujao.

La kwanza ni juu ya habari. Kila mkutano, mmoja wenu aitaje habari moja ya juma, moja tu, awe na hakika nayo na aseme aliipata wapi. Kisha isihojiwe kwa ubishi; iombewe. Mkiona hamwezi kuiombea, huenda haikuwa habari bali umbeya.

La pili ni juu ya kicheko. Viongozi wa makundi ya simu wasiache mzaha wowote unaomdhalilisha mtu kwa asili yake, ulemavu wake au ukimbizi wake. Wasimfukuze aliyeutuma, wamwite faraghani, wamweleze, naye auondoe. Na anayetaka kutuchekesha aanze na nafsi yake, au aanze na padre.

La tatu ni juu ya kusoma. Teueni msomaji wa jumuiya. Kila mara asome kwa sauti sura moja nzima ya Injili, siyo mistari miwili tu, na wengine wafunge simu zao mpaka amalize. Tutaanza na Luka, kwa sababu humo ndimo mwenye habari za Siloamu na humo ndimo mwenye Msamaria, yule mgeni aliyedharauliwa na ambaye Bwana wetu alimfanya kuwa kielelezo cha jirani. Tukifika sura ya kumi, msiharakishe. Fikirini kwamba wale waliokuwa wakimsikiliza Yesu walikuwa na mizaha yao juu ya Wasamaria, na kwamba Yesu, kwa hadithi moja, aliwaondolea utamu wa mizaha hiyo.

Mtakatifu Yakobo alitufundisha kwamba ulimi ni kiungo kidogo, nao unaweza kuuwasha msitu mkubwa. Sisi wa milimani tunaujua moto wa msitu wakati wa kiangazi: aliyeuwasha mara nyingi alikuwa akirina asali tu, hakukusudia kuuteketeza mlima. Kidole gumba ni kidogo kuliko ulimi.

Mwenyezi Mungu awajalie juma lenye habari njema, kicheko kisichomliza mtu, na ukurasa mmoja wa kusoma kabla ya kulala. Ninawabariki, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.